Mjadala: Theluthi ya bajeti ya filamu iende kwenye matangazo? Mimi napinga

Mshika Tiketi, Kisumu (mwenye mada)

Wiki jana wasanii wa filamu wa huku ziwani tuliketi kuzungumzia pesa za umma zinazotolewa kuwasaidia watayarishaji. Pendekezo lililopigiwa makofi kuliko yote lilikuwa hili: kila anayepewa ruzuku alazimishwe kutenga theluthi yake kwa matangazo, kwa sababu "filamu zetu ni nzuri ila hazijulikani". Nilinyoosha mkono kupinga, muda ukaisha kabla sijafikiwa. Naileta hoja yangu hapa, na mwenye hesabu tofauti aiweke mezani.

Mimi si mwongozaji wala mwigizaji. Kazi yangu ni mlangoni na kwenye daftari. Tuchukue filamu ya shilingi 1,800,000. Matangazo 600,000, utengenezaji 1,200,000. Tiketi iwe 400. Mwenye ukumbi achukue nusu, wewe ubaki na 200. Kurudisha pesa za utengenezaji peke yake unahitaji watu 6,000. Ongeza matangazo, sasa unahitaji 9,000. Ukumbi wa viti 150 utapaswa kujaa mara 60 badala ya mara 40. Nani kati yetu amewahi kuona filamu ya hapa ikijaza ukumbi mara 60 Kisumu?

Kwa hiyo kila laki moja ya matangazo ina deni la watu 500. Na si watu 500 wowote. Ni wale ambao wangebaki nyumbani kama tangazo hilo lisingekuwepo. Shangazi ya mwigizaji angekuja hata tusingechapisha bango moja.

Najua theluthi hii imetoka wapi. Mwaka 2007 chama cha studio kubwa za Marekani kilitoa wastani wa wanachama wake: dola milioni 70.8 kutengeneza filamu moja na milioni 35.9 kuitangaza. Ukijumlisha, matangazo yanakuwa theluthi. Lakini studio hizo zinauza kwenye nchi yenye skrini takriban 40,000, na bado zina dunia nzima baada ya hapo. Tangazo moja la televisheni linapasuka nchi nzima, na kila anayelisikia ana ukumbi karibu naye. Mwaka 1975 studio ya Universal waliitangaza filamu yao ya Jaws kwa takriban dola 700,000 kwenye televisheni ya taifa, wakaifungua kwenye majumba zaidi ya 400 siku hiyo hiyo. Watu husifu yale matangazo. Mimi naitazama ile milango 400. Wangefungua majumba manne, pesa zile za televisheni zingekuwa zimemwagwa ziwani.

Sisi tunanunua dakika za redio ya Kidholuo inayosikika Siaya, Homa Bay mpaka Migori. Msikilizaji wa Mbita anaipenda sauti ya mwigizaji wetu, anacheka na kionjo cha filamu, halafu aende wapi? Tumelipia masikio yasiyo na mlango wa kuingilia.

Nina daftari la filamu moja tuliyoionyesha usiku tatu hapa mjini. Matangazo yalikula 380,000: redio 200,000, mabango na vipeperushi 80,000, gari la matangazo 60,000, mtandao wa kulipia 40,000. Waliolipa mlangoni ni 341. Nilimwuliza kila mmoja alivyopata habari. 171 walisema wameambiwa na mtu au wametumiwa ujumbe kwenye WhatsApp. Redio ilileta 52, mtandao 38, gari 34, mabango 21, na 25 hawakukumbuka. Kila aliyeletwa na redio alitugharimu zaidi ya shilingi 3,800, akatuachia 200. Fungu letu la usiku zote tatu lilikuwa 68,200. Mtayarishaji aliuza kamera yake kulipa madeni, na hajapiga filamu nyingine tangu hapo. Ndiyo maana naliandika jambo hili kwa uchungu. Sharti la theluthi likipita, tutawapeleka wengine kwenye shimo lile lile, safari hii kwa amri.

Sauti ya Kondele

Mshika Tiketi, omera, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ndiye wa magari. Pengine gari la daftari lako lilikuwa langu, sina hakika, ila naijua hali hiyo kama kiganja changu.

Mtayarishaji hunipigia Alhamisi jioni, onyesho ni Ijumaa. Nakimbilia kibali cha kaunti, nazunguka Kondele, Manyatta na Nyalenda nusu siku, basi. Hakuna aliyenipa muda wa kufika Kibuye Jumapili, siku ambayo nusu ya mji iko sokoni na wa vijijini wamekuja na pesa mkononi. Kisha mnasema gari halileti watu! Tangazo lina siku zake. Mtu akisikia leo kwamba kuna onyesho kesho, na mwisho wa mwezi bado, atafanya nini?

Na usisahau kwamba mnauza kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukinunua. Mkisumu anajua atalipa kuona mpira, atalipa kuona msanii wa benga au ohangla. Kulipa 400 aone filamu iliyopigwa Dunga na vijana wa hapa, hiyo bado haijaingia kwenye mazoea yake. Mazoea hayajengwi kwa usiku tatu. Filamu ya kwanza inalipa gharama ya kufungua masikio, ya tatu inavuna. Wewe umehukumu shamba mwezi wa kupanda.

Watu hupenda kutoa mfano wa ile filamu ya kutisha ya 1999, The Blair Witch Project, kwamba ilipigwa kwa pesa za vocha ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Wanaacha kusema kwamba walioinunua walitumia zaidi ya dola milioni 20 kuitangaza. Ilikuwa nafuu kuipiga. Kuifanya ijulikane hakukuwa nafuu hata kidogo.

Mwalimu wa Hesabu, Nakuru

Nimefurahi kuona daftari, kwa sababu mijadala ya aina hii huwa ni hisia tupu. Lakini daftari lenyewe lina tundu, ndugu Mshika Tiketi, na tundu hilo liko kwenye wale 171.

Waliambiwa na mtu. Sawa. Huyo mtu alisikia wapi? Inawezekana mama mmoja wa Nyalenda alisikia redioni akipika, akamwambia bintiye, binti akawatumia wenzake sita. Mlangoni wote saba wasiokuwa yule mama watakwambia "niliambiwa". Redio itapewa mtu mmoja, au hata sifuri mama akibaki nyumbani. Kwa hiyo ile 3,800 kwa kichwa ni gharama ya juu kabisa inayowezekana. Gharama ya kweli iko chini yake. Kiasi gani, daftari lako haliwezi kusema.

Lakini tundu hilo halimwokoi Sauti ya Kondele. Tuseme redio ndiyo iliyowasha wale 171 wote, jambo ambalo halielekei kuwa kweli. 52 na 171 ni watu 223. Gawanya 200,000 kwa 223, unapata karibu 900 kwa mtu anayekuachia 200. Bado ni hasara. Hoja ya milango imesimama.

Kosa jingine naliona pande zote mbili, hata kwa wakubwa wa Marekani. Watu hutazama filamu zilizotangazwa sana zikaingiza sana, wakasema matangazo ndiyo yaliyoingiza. Barbie ya 2023 iligharimu karibu dola milioni 145 kuitengeneza, na taarifa za biashara ya filamu ziliweka matangazo kwenye milioni 150, zaidi ya filamu yenyewe. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4. Basi tutumie nyingi? Ngoja. Studio humwaga pesa za matangazo pale inapoona dalili kwamba watu wataitaka filamu. Daktari hupeleka dawa nyingi kwenye wodi yenye wagonjwa wengi, na hakuna anayesema dawa ndizo zilizoleta wagonjwa. Ukitaka kujua tangazo linafanya nini peke yake, tazama pale pesa zilipomwagwa na dalili hazikuwepo. John Carter ya 2012 ilizidi dola milioni 250 kuitengeneza, ikatangazwa dunia nzima, ikauza tiketi za takriban milioni 284, na Disney wakatangaza hasara ya kama milioni 200. Mtu wa kawaida huuliza: 284 si inazidi 250? Haizidi, kwa sababu majumba huondoka na karibu nusu ya pesa za tiketi, na matangazo yanalipwa kutoka kwenye nusu iliyobaki. Ni hesabu ile ile ya tiketi ya 400, ukubwa tu ndio unaotofautiana.

Tangazo linaweza kujaza Ijumaa. Jumatatu anayejibu ni yule aliyetoka ukumbini Ijumaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tutangaze kwa pesa ngapi, ningeuliza: filamu itabaki ukumbini siku ngapi? Kama ni usiku tatu, hata neno zuri la aliyeipenda halina muda wa kutembea. Wale 171 wangekuwa 400 kwa wiki mbili bila shilingi ya ziada. Hilo naliamini, ingawa siwezi kulithibitisha kwa daftari moja.

Kuna habari zinazovuta watu bila kulipiwa, nazo hazipangiki. Mwezi wa Septemba 2018 Mahakama Kuu iliondoa kwa siku saba marufuku ya filamu ya Rafiki, na ukumbi wa Prestige Nairobi ukajaa. Marufuku ilikuwa imefanya kazi ya bango. Sitamshauri mwanafunzi wangu yeyote aiweke bahati kama hiyo kwenye bajeti.

Binti wa Kakamega

Mulembe ndugu zangu. Naigiza, natayarisha, na nina jambo moja la kumwuliza Mshika Tiketi. Wale 171 walioletwa na maneno ya watu, kwenye daftari lako gharama yao ni sifuri. Nani alikwambia ni sifuri?

Mimi nikitoa filamu, wiki mbili nzima silali. Bando ni langu. Nauli ya Mumias, Butere na Webuye ni yangu. Napiga simu kwa wanachama wa chama cha mama, kwa kwaya, kwa waliosoma nami. Waigizaji wenzangu wanafanya vivyo hivyo, na wengi wao hata posho ya siku ya kupiga picha hawajamaliziwa. Hayo ni matangazo. Yamelipwa, ila yamelipwa na wanyonge, ndiyo maana hayamo kwenye vitabu. Mkiifuta theluthi mkasema "watu wataambiana", mnasema binti fulani aendelee kuambia watu kwa pesa zake. Mimi nataka pesa ya matangazo iwepo, na ilipe miguu na simu za watu kabla ya kulipa redio.

Nollywood wamelielewa hili. Mwigizaji na mtayarishaji Funke Akindele alitoa A Tribe Called Judah Desemba 2023, ikawa filamu ya kwanza ya Nigeria kupita naira bilioni moja kwenye majumba ya kwao. Mwenyewe alikuwa akicheza dansi mtandaoni kila siku na kuzunguka kumbi kukutana na watazamaji. Lakini yeye ana jina la miaka mingi, na Lagos ina majumba ya kuzungukia. Mfano ulio karibu na sisi ni Wakaliga, Kampala. Mwongozaji Nabwana na vijana wake walikuwa wakiuza diski za filamu zao nyumba kwa nyumba, waigizaji wenyewe wakiwa mlangoni, wakikimbizana na wanaonakili. Pale muuzaji ndiye tangazo, na tangazo ndilo mlango.

Kuhusu milango, nakubaliana nawe kabisa, ila tusililie sinema tu. Vikundi vinavyoigiza vitabu teule huzunguka shule za upili kote magharibi, na redio haimo kwenye hesabu yao. Wanamwandikia mwalimu wa fasihi, wanapewa tarehe, wanafunzi mia tano wako ukumbini saa nane mchana. Kiingilio kidogo, viti vimejaa, hakuna anayekuchukulia nusu. Filamu yetu ya mwisho ilirudisha pesa zake kwenye kumbi za shule na za makanisa, na hatukuwa na bango hata moja barabarani. Tulikuwa na projekta ya kukodi, jenereta, na shuka nyeupe ya shangazi yangu iliyokunjwa vizuri.

Duka la Muvi, Bungoma

Nitasema ukweli ambao hautanipendezesha. Nilikuwa na duka la kujazia watu muvi kwenye flashi. Redio ikitangaza filamu ya huku kwa nguvu, wateja walikuwa wanaanza kuniuliza siku hiyo hiyo. "Ile ya akina nani imefika?" Nakala ilipofika, niliuza. Mwenye filamu alikuwa amenilipia matangazo.

Niliacha kazi hiyo kwa sababu mmoja wa waigizaji alikuja dukani kujinunulia filamu yake, maana hakuwa amepewa nakala. Nilimpa bure, nikashindwa kumtazama usoni.

Watu wa Bungoma, Malaba, Kimilili hawana sinema ya kwenda. Wana duka la muvi kila kona. Ukitangaza bila kuwapa njia halali ya kuipata, wataipata kwangu. Mngekuja na nakala halali siku ya kwanza, tugawane hata nusu kwa nusu kama mnavyogawana na ukumbi, wengi wetu tungekubali. Hiyo ni milango mia kadhaa ambayo Mshika Tiketi hajaihesabu.

Wakili Mchanga, Eldoret

Nitagusa jambo moja tu: matangazo yanatolewa kwenye fungu la nani?

Mikataba mingi ninayoletewa inamwahidi mwigizaji "asilimia fulani ya faida". Faida baada ya kutoa nini? Kama matangazo yanatolewa kwanza, na anayeamua kiasi chake ni mtayarishaji peke yake, asilimia hiyo ni hewa. Hili limewahi kufika mahakamani California. Mwandishi Art Buchwald aliishtaki studio ya Paramount juu ya filamu ya Coming to America ya 1988. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani, lakini kwa vitabu vya studio haikuwa na faida halisi ya kugawa. Mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa ni kwamba studio ilikuwa ikiongeza asilimia 10 juu ya gharama za matangazo, kama ada ya ofisi, bila kuonyesha kwamba ofisi iligharimu hivyo. Mwaka 1990 jaji aliona masharti kadhaa ya fomula ile hayavumiliki kwa ukandamizaji wake, na mwaka 1992 Buchwald na mtayarishaji mwenzake wakapewa dola 900,000 kwa jumla.

Kwa hiyo sharti la theluthi likiandikwa kwenye ruzuku, liandikwe pia kwamba matangazo hayawezi kutangulia malipo ya waigizaji. La sivyo mwigizaji wa Kakamega atalipia redio mara mbili: kwa bando lake, na kwa asilimia yake.

Mshika Tiketi, Kisumu

Binti wa Kakamega, umenisahihisha, na nashukuru. Safu ya "ameambiwa na mtu" niliiandika sifuri kwa sababu hakuna risiti iliyonifikia. Leo asubuhi nimewapigia waigizaji wanne wa ile filamu. Wote walikumbuka nauli na bando walizotumia, mmoja mpaka tarehe. Wanne tu wanakaribia 14,000. Nitaiandika, ingawa imechelewa miaka miwili.

Mwalimu, nakubali tundu lako. Safari ijayo nitauliza maswali mawili: nani alikwambia, na yeye alisikia wapi.

Msimamo wangu kuhusu sharti haujabadilika, ila sasa najua nataka nini mahali pake. Mwombaji wa ruzuku aonyeshe kwanza orodha ya milango: ukumbi gani, shule zipi, maduka yapi yamekubali nakala halali, viti vingapi, siku ngapi. Kisha matangazo yapimwe kwa orodha hiyo. Mwenye viti 450 kwa jumla, yaani ukumbi mmoja usiku tatu, hata akijaza vyote fungu lake ni 90,000. Huyo anatangazaje kwa 600,000? Mwenye shule 30 na kumbi sita atakuwa na sababu ya kuomba zaidi, na pengine theluthi haitamtosha. Kiwango kimoja kwa wote kitamnyima huyu na kumzamisha yule.

Sauti ya Kondele, kuhusu Kibuye ya Jumapili uko sahihi, na sisi ndio tuliokosea. Nina pendekezo kwako. Filamu ijayo tutatoa vipande vya karatasi ya kijani kwenye gari lako tu. Atakayekuja nacho mlangoni anapunguziwa 50, nawe unalipwa 60 kwa kila kipande. Kwangu itabaki 90 kwa kichwa, ila nitajua ni nani aliyemleta.

Sauti ya Kondele

Mafuta siwezi kuyanunua kwa vipande vya karatasi. Dereva naye anataka chake jioni. Wewe unilipe mafuta, dereva na kibali kabla sijawasha spika, hiyo ni 12,000 kwa siku, na faida yangu yote iwe kwenye karatasi za kijani. Lakini nataka Jumapili mbili, si moja, na kionjo nikipate siku kumi kabla. Na shule usizikate kwenye ratiba yangu: nitapita Ahero na Maseno siku mnazoenda huko, maana mzazi akisikia ndiye anayetoa kiingilio.

Ukikubali hayo, nipigie Jumatatu.

Mwalimu wa Hesabu, Nakuru

Kabla hamjapigiana: Jumapili ya kwanza gari lizunguke Kondele na Manyatta pekee, liache Nyalenda. Kila atakayefika mlangoni mwulize anatoka mtaa gani. Mkilinganisha mitaa hiyo mtajua kidogo gari linafanya nini, hata kwa wale wasiobeba karatasi. Nitumieni namba hizo, nitazipiga hesabu bila malipo.